Tiba ya kingamwili kwa kifaduro cha wachanga: ipimwe wapi, lini na kwa nani?

Mtoto wa wiki 5 mwenye kifaduro kikali hakohoi kama mtoto wa miaka 5. Ule mvuto mrefu wa pumzi wenye mlio, ambao bibi zetu waliutambua wakiwa bado nje ya nyumba, mara nyingi haupo. Anakohoa vikohozi vidogo mfululizo, uso unaiva, midomo inageuka samawati halafu kijivu, kisha pumzi inakata. Muuguzi anamsugua nyayo, anamgeuza, anamsogezea oksijeni, naye anavuta hewa tena. Muda si mrefu mambo yanaanza upya. Karatasi ya vipimo vya damu nayo inaeleza habari yake: chembe nyeupe, ambazo kwa umri huo hazitarajiwi kupita sana 20,000 kwa mikrolita, leo ni 60,000 na kesho zinaweza kuvuka 100,000. Zikifika huko huziba mishipa midogo ya mapafu, upande wa kulia wa moyo unasukuma damu isiyopita, na hata mashine ya kupumulia haifui dafu.

Riyadh na Jeddah si miji yenye uhaba wa vifaa. Hospitali Maalumu ya Mfalme Faisal ipo katika miji yote miwili, na Jiji la Tiba la Mfalme Abdulaziz, lililo chini ya Gadi ya Taifa, vivyo hivyo. Katika hospitali za kiwango hicho mtoto aliyezidiwa hupata mashine ya kupumulia, huweza kubadilishiwa damu ili chembe nyeupe zipungue, na mapafu yakigoma kabisa huweza kuunganishwa na mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu nje ya mwili. Ila mbinu zote hizo zina shabaha moja: kumshikilia mtoto hadi sumu iliyokwisha kumwingia imalize muda wake. Dawa ya kuizima sumu yenyewe haimo kwenye kabati la Riyadh, kama isivyomo Muhimbili wala Kilifi.

Dawa hiyo inafikirika, na kwa kiasi fulani imekwisha kutengenezwa. Ni kingamwili, yaani zile protini ambazo mwili huzitoa kumkabili adui, zinazochukuliwa kwa mtu mwingine au kutengenezwa maabara na kudungwa kwa mgonjwa. Wazo lina umri mkubwa kuliko madaktari wote wanaolijadili leo. Mbona basi halijapimwa hadi mwisho? Na miji kama Riyadh na Jeddah inaweza kusaidia kuumaliza ubishi?

Jibu la makala haya ni kwamba kilichokwamisha majaribio zaidi ya kemia ni saa na idadi: wachanga hufika hospitali wakiwa wamechelewa, na hufika wachache wachache. Utafiti usiopangwa kuyashinda hayo mawili utakwama Riyadh kama ulivyokwama kwingine.

Kinachoua ni sumu

Bakteria wa kifaduro, Bordetella pertussis, alioteshwa maabara kwa mara ya kwanza na Jules Bordet na Octave Gengou mjini Brussels mwaka 1906. Hana tabia ya kuvamia damu. Hukaa juu ya vinyweleo vya njia ya hewa, akatulia hapo na kutoa sumu. Iliyo kuu kati ya sumu hizo huvuruga mawasiliano ndani ya chembe za mwili, na moja ya matokeo yake ni kwamba chembe nyeupe hushindwa kutoka kwenye mishipa kwenda kwenye tishu. Zinarundikana katika damu, na kwa mtoto mchanga mrundikano huo ndio unaogeuza kikohozi kuwa kifo.

Antibiotiki zipo na zina kazi yake. Azithromaisini humuua bakteria na kuzuia mgonjwa asiambukize wengine. Ikitolewa katika wiki ya kwanza au ya pili, wakati ugonjwa bado unafanana na mafua, huweza kuupunguza makali. Vikohozi vya mfululizo vikishaanza, haifupishi safari, kwa sababu sumu imekwisha kuingia kwenye chembe na haihitaji tena bakteria aliyeitoa. Ndiyo maana wazazi humaliza chupa nzima ya dawa, mtoto akaendelea kukohoa kwa wiki 6, nao wakaamini wameuziwa dawa feki. Isitoshe, nchini China vimelea vya kifaduro visivyosikia dawa za jamii hiyo vimeenea, na vimelea havina pasipoti.

Kingamwili zinaingia hapo. Hazimuui bakteria. Zinaikamata sumu kabla haijashika chembe, au zinaizuia isifanye kazi baada ya kushika. Kwa hiyo hazichukui nafasi ya antibiotiki. Zinakwenda nazo bega kwa bega. Na kwa hiyo pia, kama antibiotiki, zina dirisha lake: sumu iliyokwisha kuzama ndani ya chembe haifikiwi tena.

Wazo la tangu 1890

Mwaka 1890 Emil von Behring na Kitasato Shibasaburo walionyesha mjini Berlin kwamba majimaji ya damu ya mnyama aliyezoeshwa sumu ya pepopunda au dondakoo humkinga mnyama mwingine. Dondakoo, ugonjwa uliokuwa ukiwanyonga watoto Ulaya nzima, ukapata dawa, na Behring akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1901. Kanuni iliyojitokeza mapema kwenye wodi za dondakoo bado inasimama: kila siku inayopita kabla ya sindano huongeza hatari ya kufa. Leo kanuni hiyohiyo inatawala tiba ya pepopunda, ya kichaa cha mbwa na ya kuumwa na nyoka.

Kwa kifaduro, madaktari walijaribu damu ya waliopona kuanzia nusu ya kwanza ya karne ya 20. Matokeo yalipishana, maana kila hospitali ilitumia kipimo chake na hakuna aliyejua ndani ya chupa mna kingamwili kiasi gani. Jaribio lililotoa matumaini ya kweli lilifanyika Sweden na kuchapishwa mwaka 1991 katika jarida la The Lancet. Watafiti waliwachanja watu wazima, wakavuna kingamwili zao, wakawapa watoto wagonjwa, na kuwalinganisha na watoto waliopewa kimiminika kisicho dawa. Kipindi cha vikohozi vyenye mlio kilikuwa karibu siku 9 kwa waliotibiwa na karibu siku 21 kwa wenzao.

Lililofuata ndilo linalopaswa kusomwa kwa makini na yeyote anayefikiria kufungua utafiti wa namna hiyo Saudia. Marekani ilitengeneza kingamwili za kifaduro za kudungwa kwenye mshipa, na watafiti wakiongozwa na Scott Halperin wa Halifax, Kanada, wakaanza kuzipima kwa wachanga waliolazwa. Walipochapisha matokeo mwaka 2007 walikuwa wamewapata watoto 25 tu, na utafiti ulikuwa umesitishwa mapema kwa kukosa dawa zaidi. Hata kichwa cha makala yao kilikiri kwamba jibu halijapatikana. Dawa haikushindwa wala haikushinda. Mechi ilivunjika kabla ya mapumziko.

California ilivyoweza

Ipo dawa ya kingamwili kwa wachanga iliyofanikiwa kuvuka kizingiti hicho, na ugonjwa wake ni wa nadra kuliko kifaduro. Botulizimu ya wachanga husababishwa na sumu ya bakteria anayeota ndani ya utumbo wa mtoto na kumlegeza misuli, hadi ile ya kupumulia. Dakta Stephen Arnon wa idara ya afya ya jimbo la California aliamua kuligeuza jimbo zima kuwa hospitali moja ya utafiti. Kati ya mwaka 1992 na 1997 kila mtoto aliyeshukiwa, popote alipolazwa katika jimbo hilo, angeweza kuingizwa kwenye jaribio haraka, kabla ya maabara kuthibitisha. Watoto 122 walithibitishwa. Waliopewa kingamwili walikaa hospitali kwa wastani wa wiki 2.6; waliopewa kingamwili zisizolenga sumu hiyo walikaa wiki 5.7. Dawa iliidhinishwa mwaka 2003.

Mambo matatu yaliwezesha hilo, na hakuna hata moja lililo la kimaabara. Dawa ilikuwa tayari kabla ya mgonjwa. Mgonjwa hakusubiri majibu ya vipimo ndipo atibiwe. Na kipimo cha mafanikio hakikuwa kifo, kilikuwa siku za kulazwa, jambo linaloonekana hata kwa watoto wachache. Utafiti wa Kanada ulikosa la kwanza, nao ukaanguka.

Dawa ya kizazi kipya

Kingamwili za kuvuna kwa binadamu zina kasoro nyingine: ni nyingi kwa ujazo. Mtoto mwenye moyo uliokwisha kuelemewa hamudu kuongezewa maji mengi mshipani. Hapo ndipo kingamwili za kutengenezwa maabara, za aina moja inayojulikana, zinapozishinda. Dozi ni ndogo, nguvu yake ni ileile kila chupa, na haihitaji foleni ya wachangia damu.

Timu ya Jennifer Maynard wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin ilichukua kingamwili mbili za panya zilizowahi kutengenezwa Japani na kuzirekebisha zifanane na za binadamu. Mwaka 2015 ilichapisha matokeo yake: nyani wadogo waliokwisha kuambukizwa kifaduro, walipopewa mchanganyiko huo, idadi ya chembe nyeupe ilishuka na walipata nafuu mapema kuliko wenzao. Nyani alichaguliwa kwa sababu ni mnyama anayeugua kifaduro kwa namna inayokaribiana sana na ya mtoto wa binadamu, akakohoa na kupandisha chembe nyeupe. Mwaka 2020 timu hiyo ilionyesha jambo jingine lenye uzito zaidi: moja ya kingamwili hizo, iliyorekebishwa ili idumu mwilini, ilidungwa kwa nyani waliotoka kuzaliwa, na walipoambukizwa wiki kadhaa baadaye walikingwa dhidi ya ugonjwa mkali.

Kati ya nyani na mtoto wa binadamu kuna daraja refu. Lakini daraja la aina hiyo limewahi kuvukwa. Nirsevimab, kingamwili ya kudumu dhidi ya virusi vya RSV vinavyoshambulia mapafu ya wachanga, iliidhinishwa Ulaya mwaka 2022 na Marekani mwaka 2023. Sindano moja hukinga msimu mzima. Kwa hiyo suala la kama inafaa kumdunga mtoto mchanga kingamwili ya maabara limekwisha kujibiwa. Lililobaki ni kama ya kifaduro inafanya kazi, na kwa mtoto yupi.

Saudia inaleta nini mezani

Ufalme huo si mgeni wa tiba za kingamwili. Kwa miaka mingi kituo cha taifa cha Riyadh, chini ya Gadi ya Taifa, kilizalisha dawa za sumu ya nyoka na nge kutokana na damu ya farasi. Kila mtoto wa kijijini aliyeumwa na nge na kudungwa dawa hiyo ni ushahidi kwamba nchi inajua kuzalisha, kutunza na kusambaza kingamwili hadi hospitali ya mbali.

La pili ni uzoefu wa MERS, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na virusi. Virusi hivyo vilitambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 2012 kutoka kwa mgonjwa aliyelazwa Jeddah. Miaka iliyofuata watafiti wa Riyadh, akiwemo Dakta Yaseen Arabi, walijaribu kutafuta damu ya waliopona ili iwe tiba. Walipima sampuli 443, na 12 tu zikaonyesha kingamwili. Funzo ni kwamba kutegemea damu ya waliopona katika ugonjwa wa nadra ni kutwanga maji kwenye kinu. Ndiyo sababu, kwa kifaduro, Saudia haina haja ya kurudia njia ya Sweden. Ikipima, ipime kingamwili za maabara.

Timu hiyohiyo haikukata tamaa. Ilifungua jaribio jingine la MERS, la mchanganyiko wa dawa, katika hospitali 9 za Saudia. Lilianza mwaka 2016 na kumalizika mwaka 2020 likiwa na wagonjwa 95. Asilimia 28 ya waliotibiwa walifariki ndani ya siku 90, dhidi ya asilimia 44 ya wasiotibiwa, na nafuu ilikuwa kubwa zaidi kwa walioanza dawa ndani ya siku 7 tangu kuugua. Soma takwimu hizo mara mbili. Ugonjwa wa kutisha, nchi tajiri, hospitali 9, karibu miaka 4: wagonjwa 95. Jibu lilipatikana kwa sababu mtandao ulibaki wazi muda wote ukisubiri mgonjwa, na lilirudia kanuni ileile ya wodi za dondakoo kuhusu kuwahi.

La tatu ni uzoefu wa UVIKO-19, pale hospitali za Saudia ziliposhiriki katika REMAP-CAP, utafiti wa kimataifa usiofungwa, unaopima tiba kadhaa kwa wakati mmoja na kubadilisha mgawo wa wagonjwa kadiri matokeo yanavyoingia. Muundo huo ndio unaofaa ugonjwa unaolipuka na kutulia kila baada ya miaka michache kama kifaduro.

Hesabu haidanganyi

Sasa tuweke kalamu chini ya namba. Tuchukulie kwamba katika kundi la wachanga wenye kifaduro kikali, mmoja kati ya 10 hufariki, na kwamba dawa mpya hupunguza vifo hivyo kwa nusu. Ili utafiti uione tofauti hiyo kwa uhakika unaokubalika na wanatakwimu, unahitaji takriban watoto 430 kila upande, jumla karibu 860. Huduma zikiwa bora na vifo vikiwa 2 kati ya 100, idadi inaruka hadi zaidi ya 2,300 kila upande. Yaani kadiri hospitali inavyookoa watoto vizuri, ndivyo inavyohitaji watoto wengi zaidi kuthibitisha kwamba dawa inaokoa.

Saudia inachanja watoto wengi, na hakuna mji wake utakaotoa idadi hiyo katika maisha ya mtafiti mmoja. Kwa hiyo utafiti wa Riyadh na Jeddah pekee, wenye kifo kama kipimo, ungekuwa umekufa kabla ya kuzaliwa. Unaoweza kusimama ni ule unaohesabu mambo mengine: siku za kuhitaji oksijeni, mara ambazo pumzi imekata ndani ya saa 24, kasi ya chembe nyeupe kupanda, idadi ya waliofikia kubadilishiwa damu. Hayo hutokea kwa wengi na hupimika kitandani.

Saa nayo inahitaji kanuni zake. Kipimo cha PCR, cha kuthibitisha kifaduro, huchukuliwa kwa kijiti chembamba kinachopitishwa puani hadi nyuma ya koo, na majibu huweza kuchukua siku. Mtoto aliye chini ya miezi 3, anayekata pumzi, na ambaye chembe nyeupe zake zimevuka 20,000, asisubiri. Aingizwe kwenye utafiti kwa kushukiwa, adungwe, na maabara ithibitishe baadaye, kama California ilivyofanya. Kusubiri uhakika ni kuchagua watoto ambao dawa haitawafaa, kisha kutangaza kwamba dawa haifai.

Upo pia mlango wa kuingilia mapema zaidi, nao kwangu ndio wenye matumaini kuliko tiba yenyewe. Mchanga anayeishi nyumba moja na mgonjwa wa kifaduro leo hupewa azithromaisini ya tahadhari. Mtoto huyo angeweza pia kudungwa kingamwili kabla sumu haijamgusa. Matokeo ya nyani wa mwaka 2020 yanaunga mkono njia hiyo waziwazi.

Nani ataingia, nani ataachwa

Watu wazima hawakumbuki kwamba kinga ya kifaduro huchakaa. Mtu aliyechanjwa utotoni, akifika miaka 25, anaweza kuugua kikohozi kisichoisha na kudhani ni vumbi au kiyoyozi. Kwenye nyumba ya Riyadh mtu huyo anaweza kuwa mama, kaka mkubwa anayetoka shule, dereva, au dada wa kazi kutoka Mombasa, Mbale au Tanga anayembeba mtoto kuanzia alfajiri. Utafiti wowote wa nyumba zenye mgonjwa lazima umhesabu na umpime dada huyo kama wanavyopimwa wenye nyumba, bila kikohozi chake kugeuzwa sababu ya kumfukuza kazi.

Lipo na kundi jingine. Saudia iliunganisha cheti cha kuzaliwa na kukamilika kwa chanjo tangu miongo kadhaa iliyopita, na utaratibu huo ulipandisha uchanjaji kwa kasi. Lakini ufunguo unaomfungulia mlango mwenye hati humfungia asiye nayo. Wapo watoto waliozaliwa Riyadh na Jeddah na akina mama wafanyakazi kutoka Afrika Mashariki, nje ya ndoa zinazotambuliwa huko, wasio na cheti wala rekodi ya kliniki. Hao ndio walio katika hatari kubwa ya kukosa chanjo, na ndio ambao mama zao huogopa lango la hospitali. Utafiti ukiwaacha, utapima dawa kwa wale wanaoihitaji kidogo. Ukiwaingiza bila ulinzi, utakuwa umemtumia mnyonge. Njia ya haki ni fomu ya ridhaa iliyoandikwa kwa lugha anayoisoma mama, Kiswahili kikiwemo, na ahadi ya maandishi kwamba taarifa za hospitali hazitavuka kwenda idara ya uhamiaji.

Jeddah ina jambo lake la pekee: ni lango la mahujaji. Utafiti wa mahujaji 358 wa Singapore, uliochapishwa mwaka 2003, uligundua kwamba 5 kati yao walipata kifaduro katika safari hiyo. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo ni sharti la viza ya Hija. Ya kifaduro si sharti. Hujaji anayerudi Unguja au Lamu na kikohozi, akapokelewa na wajukuu, anaweza kuwa amebeba zaidi ya tende na maji ya Zamzam. Kwa watafiti, mzunguko huo wa kila mwaka ni nafasi ya kujua mapema wimbi linapoinuka.

Vifo viko wapi

Tusidanganyane kuhusu ramani ya ugonjwa. Makadirio ya mwaka 2014 yaliweka wagonjwa wa kifaduro walio chini ya miaka 5 duniani kuwa milioni 24.1 na vifo kuwa 160,700. Zaidi ya nusu ya vifo hivyo vilikuwa barani Afrika. Utafiti mkubwa wa nimonia ya watoto katika nchi 7, Kilifi ikiwa mojawapo ya vituo vyake, ulikuta kifaduro kwa watoto 53 kati ya 4,200 waliolazwa. Asilimia ni ndogo, lakini hao ni watoto walioandikiwa nimonia, na bila kipimo maalumu hakuna ambaye angejua ni kifaduro. Hospitali nyingi za wilaya kwetu hazina kipimo hicho hadi leo.

Kenya si ngeni katika kazi hii pia. Miaka ya 1970 watafiti walifuatilia kifaduro na kupima chanjo yake katika vijiji vya Machakos, na matokeo yakachapishwa mwaka 1984 katika jarida la Shirika la Afya Duniani. Ujuzi wa kufuata kaya hadi kaya upo. Kwa hiyo utafiti wenye hadhi ungeanzia Riyadh na Jeddah kwa ajili ya usalama na vipimo vya karibu, huku vituo vya Kilifi na vya Tanzania vikiingia tangu siku ya kwanza kama washirika walioshika kalamu, maana bila watoto wa Afrika hesabu ya vifo haitatimia.

Hapo linakuja swali la bei. Nirsevimab ilitangazwa Marekani kwa karibu dola 500 kwa dozi, zaidi ya shilingi milioni moja za Tanzania. Kingamwili ya kifaduro kwa bei hiyo itaishia Jeddah. Makubaliano ya bei kwa nchi zinazotoa watoto wa utafiti yaandikwe kabla ya sindano ya kwanza, kwa sababu baada ya matokeo mazuri hakuna anayekumbuka ahadi ya mdomo.

Na kuna njia nyingine ya kumpa mtoto kingamwili, ya bei nafuu na iliyokwisha kuthibitishwa: kumchanja mama mjamzito. Kingamwili zake huvuka kondo la nyuma na kumkinga mtoto katika wiki zile ambazo chanjo yake bado. Uingereza ilianza utaratibu huo mwaka 2012, mwaka ambao wachanga 14 walifariki, na ufanisi ulikadiriwa kuwa karibu asilimia 90 kwa watoto walio chini ya miezi 3. Wajawazito walipolegea, ugonjwa ulirudi: mwaka 2024 England ilipata wagonjwa zaidi ya 14,000 na wachanga 11 wakafariki. Kwetu mtoto huanza chanjo ya pentavalenti, yenye kinga ya kifaduro, akiwa na wiki 6, Saudia akiwa na miezi 2. Mjamzito wa Tanzania au Kenya anapokwenda kliniki hudungwa chanjo ya pepopunda. Ya kifaduro haimo.

Je, chanjo ya mama inaifanya tiba ya kingamwili kuwa kazi bure? Hapana. Mtoto njiti huzaliwa kabla kingamwili za mama hazijavuka kwa wingi. Mama aliyehamahama hakufika kliniki kwa wakati. Watoto hao watakuwepo Riyadh, Jeddah na Dar es Salaam hata uchanjaji ukifika asilimia 90, na ndio hao wanaolazwa.

Hukumu

Tiba ya kingamwili kwa kifaduro inastahili kupimwa, na Riyadh na Jeddah zina sifa za kuanza: hospitali pacha, uzoefu wa MERS, na uzoefu wa kuzalisha kingamwili. Ila ianze kwa masharti. Dawa iwe ya maabara na iwe kwenye friji kabla ya wimbi, si baada yake. Mtoto aingizwe kwa kushukiwa. Walio nyumba moja na mgonjwa wapimwe kama kundi lao, kwa sababu huko ndiko dawa ina nafasi kubwa ya kushinda. Afrika Mashariki iingie kama mshirika na itoke na dawa kwa bei inayolipika. Na mtoto asiye na cheti aingie kwa ulinzi uleule anaopata mwenye cheti.

Wakati utafiti huo ukisubiriwa, wizara za afya za Dodoma, Zanzibar na Nairobi hazina sababu ya kusubiri. Sindano ya mjamzito yenye kinga ya kifaduro ipo sokoni, ushahidi wake ni wa zaidi ya miaka 10, na kliniki ya kuitolea ni ileile anakochanjwa pepopunda. Iingizwe kwenye kadi ya mama.